Nilivyoipata fokasi ya mwamvuli wa silva

Ushauri unaorudiwa sana kwa anayetaka mwanga wa parabola, yaani wa kifaa chenye umbo la dishi, kwa picha za sura ni huu: nunua softboksi (boksi la kitambaa linalovishwa mbele ya taa) kubwa kuliko zote unazozimudu, lifunike kitambaa cheupe mbele, basi. Ushauri huu ni mbovu na umewamalizia watu hela. Ukishafunika kitambaa mbele, umbo la nyuma linapoteza karibu maana yake yote. Kitambaa ndicho kinachogeuka kuwa taa, na boksi lolote la kipenyo hicho, liwe la kina au bapa, litakupa mwanga unaofanana sana. Raha ya parabola iko kwenye silva (ule utando wa ndani wa rangi ya fedha unaorudisha mwanga) iliyo wazi, na zaidi ya hapo iko kwenye mahali balbu ilipokaa ndani yake.

Fikiria dishi la setilaiti. LNB, kile kidude cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, haikai popote tu, inakaa pale mawimbi yanapokutana, na fundi akiisogeza kidogo picha inapotea. Kwa taa safari inageuzwa: balbu ikikaa kwenye fokasi, mwanga unagonga ukuta wa ndani na kutoka ukiwa umenyooka, miale sambamba. Fokasi hiyo inapigiwa hesabu kwa futi ya fundi cherehani. Pima kipenyo cha mdomo, kizidishe kwa chenyewe, kisha gawanya kwa kina mara 16. Mwamvuli wa studio ninaoutumia una mbavu 16, mdomo wa sentimita 130 na kina cha 50 hivi. 130 mara 130 ni 16,900. 50 mara 16 ni 800. Jibu ni sentimita 21 kutoka kwenye kitovu, pale mbavu zinapokutana. Softboksi la sentimita 120 lenye kina cha 60 linakupa 15 tu. Kwa kuwa vitambaa kati ya ubavu na ubavu vimenyooka badala ya kujipinda, fokasi halisi ni eneo la sentimita kadhaa, lakini namba hiyo inakuonyesha pa kuanzia.

Sasa angalia softboksi nyingi zinazouzwa kwa jina la parabola. Flashi inaingia kwa nyuma, kwenye pete ya Bowens (aina ya kiungio cha taa na boksi), na uso wake unatazama mbele. Mwanga mwingi unatoka moja kwa moja bila kugusa kuta, ndiyo maana katikati kuna doa jeupe na pembeni kumefifia. Watengenezaji wanalijua hilo, wakaweka kitambaa cha ndani cha kulituliza. Ukiwa nalo tayari, usilitupe: vua kitambaa cha nje, acha cha ndani peke yake. Utapata mwanga wenye makali kiasi bila lile doa, na utaokoa nguvu ya flashi, maana vitambaa viwili kwa pamoja hula kama stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu).

Vifaa vya kweli vya aina hii, Para za Broncolor wa Uswisi na zile za Briese wa Ujerumani, hugeuza taa itazame ndani na kuipandisha kwenye fimbo inayosogea mbele na nyuma. Bei yake ni maelfu ya dola. Lakini mwamvuli wa silva wenye kina nao unafanya hivyohivyo! Flashi inatazama ndani, na mpini wake ndiyo fimbo. Kwa laki moja na kitu, wakati mwingine chini ya hapo ukijua kupatana Kariakoo, una kifaa kinachofanana na Para kuliko softboksi la laki tatu. Chagua wenye mbavu 16, silva laini isiyo na mikunjo, na mpini wa chuma unaoingia sawasawa kwenye tundu la flashi yako. Mipini hutofautiana unene, na mwembamba ukilegea mwamvuli unainama na hesabu yote inaharibika.

Mbinu ninayojivunia kuliko zote ni hii: piga picha ya taa yenyewe. Zima taa za chumba, funga mapazia. Weka kamera kwenye stendi pale pua ya mteja itakapokuwa, ielekeze katikati ya mwamvuli. ISO 100, shata 1/200, tundu la lenzi f/16 au f/22, flashi kwenye nguvu ya chini kabisa, 1/128 kama inafika huko. Lengo ni picha iwe na giza la kutosha kuonyesha tofauti ndani ya silva. Ikitoka nyeupe tupu haikuambii kitu. Banisha tundu zaidi.

Kisha soma. Ukiona doa moja jeupe katikati na mbavu nyeusi kuelekea ukingoni, una mwamvuli wa sentimita 130 unaofanya kazi kama taa ya sentimita 40, na vivuli vya pua vitakuwa vigumu hivyohivyo. Ukiona mbavu zote zinawaka mpaka ukingoni, kifaa kimejaa. Ukiona duara jeusi katikati lenye pete ya mwanga kulizunguka, flashi imevuka fokasi kwenda nje, na sehemu ya giza hilo ni kivuli cha flashi yenyewe. Sogeza sentimita tano, piga tena, linganisha. Ukipata nafasi unazozipenda zizungushie tepu ya umeme kwenye mpini: nyekundu kwa fokasi, nyeusi kwa mwanga uliotawanyika. Kuanzia hapo hupimi tena, unasukuma hadi kwenye tepu na kukaza.

Picha hizo zitakufumbua na jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Flashi ndogo ya juu ya kamera haiwezi kuujaza mwamvuli wa kina. Angalia namba: fokasi iko sentimita 21, ukingo uko 50. Ukingo uko mbele ya balbu, kwa hiyo mwanga lazima utoke ubavuni na hata kurudi upande wa mteja ndipo uuguse. Kichwa bapa cha flashi ndogo, hata ukikipanua mwisho wake, kinarusha mwanga upande mmoja tu. Dawa ni balbu iliyo wazi. Flashi ya Godox AD200 inauzwa na vichwa viwili, kimoja bapa na kimoja chenye balbu wazi. Tumia hicho cha pili. Asiye nayo avishe flashi ndogo kofia ya plastiki nyeupe ya duara. Kofia inakula nguvu lakini inatawanya pande zote, na tofauti utaiona palepale kwenye picha ya taa. Flashi ndogo ina shida nyingine: kwenye vishikio vya kawaida kichwa kinakaa juu ya mpini, nje ya mhimili, na nusu moja ya mwamvuli inawaka kuliko nyingine. Ishushe, au ilaze ubavu mpaka balbu ikaribie mpini.

Taa ikiwa kwenye fokasi, ukitazama ukiwa katikati kabisa unaona mwamvuli wote unawaka. Piga hatua moja pembeni, sehemu kubwa inazimika. Kwa hiyo modo anayecheza na kuzunguka atatoka nje ya mwanga bila wewe kujua. Mwekee alama sakafuni, au hamia tepu nyeusi. Kwa picha ya familia ya watu watano sitasogea kwenye tepu nyekundu kabisa.

Kwa sura ya mtu mmoja naanza na umbali wa mita moja na robo hadi moja na nusu, ukingo wa chini wa mwamvuli ukilingana na kidevu, uso wake ukiinama kumtazama mteja. Angalia mpini: unachomoza kuelekea kwa mteja, na unaweza kumgonga paji la uso au kuingia kwenye fremu. Ubao mweupe wa styrofoam kifuani unainua vivuli vya chini ya macho. Ukiwa na mwamvuli wa sentimita 165 unaweza kuuweka nyuma yako na kupiga ukiwa umesimama mbele yake. Mwili wako hauuzibi wote, ila umbo lako litaonekana jeusi ndani ya mboni za mteja. Wengine hawalipendi hilo, mimi nalipenda.

Kwenye ngozi nyeusi ndipo silva iliyo wazi inapolipa gharama yake. Ngozi yetu inaonyesha umbo kwa mng'ao: kwenye mfupa wa shavu, daraja la pua, mtulinga. Kitambaa cheupe kinautandaza mng'ao huo hadi sura inakuwa bapa, halafu mtu anaongeza mwangaza kwenye kompyuta na ngozi inageuka kijivu. Silva iliyo kwenye fokasi inauchora. Adui hapa ni jasho, na joto la Dar kila mtu analijua. Jasho linageuza mng'ao kuwa matone meupe yasiyorudishika. Nakausha kwa tishu kwa kugusa, bila kufuta, naweka poda kidogo kwenye paji na ncha ya pua tu, mashavu nayaacha. Nikitaka mtulinga uonekane, tone la mafuta ya mtoto linatosha. Miwani ikirudisha mwanga, napandisha stendi kwanza, kisha namwomba mteja ainue vikono vya miwani kidogo juu ya masikio.

Stendi iwe ya chuma, mguu mmoja uelekee upande ule mwamvuli unakolemea, na kiroba cha mchanga cha kilo kumi kining'inie kwenye mguu huo. Nje ya chumba, hata upepo mdogo wa jioni unaugeuza mwamvuli wa sentimita 130 kuwa tanga: mlipe kijana aushike mpini muda wote, au acha silva nyumbani upige ndani kwa mwanga wa dirishani kwa siku hiyo.