Kadi za lubugo, nguo ya gome la mti: nilivyozifanya zifunge vizuri

Wateja wangu hapa Jinja, Uganda, wakishika kadi iliyotengenezwa kwa mkono hutazama pambo la mbele. Mimi hutazama mgongo, pale ilipokunjwa. Mkunjo ukiwa umepasuka au umekwenda upande, hata ulibandike bustani nzima mbele, kadi imeshaharibika.

Kabla ya manila, ile karatasi ngumu ya kadi, nanunua bahasha. Nusu ya karatasi ya A4 ukiikunja mara moja unapata A6, yaani milimita 105 kwa 148, na hiyo inaingia bila kusukumwa kwenye bahasha ya C6 yenye milimita 114 kwa 162. Nimeona watu wakitengeneza kadi nzuri ajabu, kisha wanazunguka mji mzima kutafuta bahasha ya kuitosha.

Manila nayo ina mwelekeo wa nyuzi. Ipinde taratibu bila kuikunja: upande mmoja inakubali, mwingine inakupa ubishi. Mkunjo uufuate upande ule unaokubali. Naweka rula, napitisha peni iliyokwisha wino nikikandamiza kiasi cha kuacha mfereji, ndipo nakunja na kusugua kwa mgongo wa kijiko. Mfereji huo ukiuruka, manila nzito inatoa nyufa nyeupe kwenye mkunjo, hasa ile ya rangi.

Shida ilikuja nilipotaka kutumia lubugo. Maua ya manila yako kila mahali, nami nilitaka kadi ambayo mtu akiiona ajue imetoka Uganda. Lubugo ni gome la ndani la mti wa mutuba, linalobanduliwa msimu wa mvua, kisha linapondwa kwa nyundo za mbao mpaka linalainika na kuiva rangi ya udongo mwekundu. Ni ufundi wa Baganda wa tangu zamani, na mwaka 2005 UNESCO iliutambua. Mimi nachukua vipande vinavyobaki kwa fundi anayeshona mikoba, naye huniuzia kwa bei ya kirafiki.

Lakini lubugo ni nguo, haina tabia ya karatasi. Ukiikata kwa mkasi, kingo zinaota ndevu. Gundi nyeupe ikizidi kidogo inapenya na kuacha doa jeusi upande wa juu. Na ukiibandika mbele ya kadi, unene wake unaifanya kadi ibaki imeachama.

Dawa yake ilikuwa kuihamishia nyuma. Uso wa mbele wa kadi nautoboa kidirisha kwa wembe mpya na rula ya chuma. Wembe uliochoka unararua pembe. Lubugo naipiga pasi ya moto mdogo, halafu naivuta taratibu pembeni ili iwe nyembamba. Gundi naipaka kwenye manila kuzunguka kidirisha, tabaka jepesi sana, nikitumia kipande cha kadi badala ya brashi. Lubugo yenyewe siipaki gundi. Naishusha juu yake tu na kuikandamiza. Ndani nafunika kwa karatasi nyepesi nyeupe, zile ndevu zote zinapotelea huko. Kadi inalala chini ya vitabu vizito hadi asubuhi, na ikiamka inafunga.

Juu ya lubugo sirundiki vitu. Labda nyota moja ya vipande vya karatasi vya upana wa milimita 3, vilivyosokotwa kwa kijiti cha meno. Shanga za karatasi, ingawa zinapendwa sana kwetu, naziacha kwenye mikufu. Zinatuna mno kwa bahasha.

Kuna jambo lingine ambalo halihusu gundi. Mama mmoja aliyetaka kadi za arusi ya binti yake aligusa lubugo, akairudisha mezani. “Nyabo, hii si ndiyo tunayozikia?” Kweli, Baganda huwafunika maiti wao kwa lubugo, ingawa hiyohiyo huvaliwa pia katika sherehe za kutawazwa Kabaka, mfalme wa Buganda. Nilimtolea za kitenge, tukaelewana bei. Tangu hapo, mteja wa arusi au kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, namuuliza kwanza. Watalii hawana neno, wanachukua tu. Za Idi natia kitenge bila kuuliza. Na za rambirambi zote ni lubugo tupu, bila nyota wala rangi. Familia za Kiganda huagiza hizo kuliko nyingine zote.