Nilivyopanga safari yangu ya kwanza ya kuwinda elki Colorado

Mimi ni mtu wa Malindi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo watu wa rika langu hatukukua tukiona mwindaji akirudi na nyama mchana kweupe. Tulichobaki nacho ni hadithi. Babu alikuwa akitusimulia habari za Waata wa bara ya Sabaki, pinde zao nzito ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzivuta, na sumu waliyoipika kutokana na mti wa msunguti. Nilisikiliza kama mtoto anavyosikiliza habari za watu wa zamani, nikidhani hayo yamekwisha na hayanihusu.

Nilipohamia Aurora, karibu na Denver, jirani yangu mmoja alinibishia mlango jioni ya Novemba akanipa mfuko wa nyama ya elki. Alikuwa amewinda mwenyewe, na alinipa kwa moyo mweupe kabisa. Nikapokea kwa mikono miwili, nikamshukuru. Lakini hatukuila, maana sikujua mnyama yule aliuawa vipi. Mke wangu, Mama Salma, akaniambia, "Baba Salma, kama unaitaka nyama hii, kaitafute kwa mkono wako." Neno lile halikunitoka kichwani.

Kwa asiyemjua, elki ni mnyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, lakini ni mkubwa: jike hufikia kilo 225 hivi, dume hupita 300. Colorado ina elki wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, karibu 300,000. Friza moja ya nyama ya jike mmoja inaweza kulisha familia yetu karibu mwaka mzima. Nyama yenyewe haina mafuta mengi, na haina ile harufu nzito ambayo watu huiogopa kwa wanyama wa porini.

Kabla ya kutafuta kiongozi, yaani mtu wa kunipeleka porini kwa malipo, nilikwenda kwa maalim wa msikiti wetu. Nilitaka kujua masharti mapema, si baada ya mnyama kulala chini. Akanieleza taratibu: nia iwe ni kula, Bismillahi itajwe wakati wa kufyatua, na risasi iwe ya kutoboa na kumwaga damu. Nikimfikia mnyama bado ana uhai, nimchinje. Nikimkuta amekwisha kufa kwa risasi hiyo, ni halali kwa fatwa tunayoifuata hapa. Akiporomoka gengeni akafa, au akizama majini, nimwache, kwa sababu sitajua kilichomuua. Nikayaandika yote kwenye daftari. Karatasi ile ndiyo iliyonisaidia kumchagua kiongozi kuliko jambo lolote lingine.

Mambo ya sheria nitayapitia haraka. Colorado, mtu yeyote aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1949 lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Nilisoma yangu msimu wa baridi, nikafanya mtihani, nikapita. Kisha kuna kura ya leseni: maombi hufungwa mapema mwezi Aprili, na unachagua kitalu, msimu na jinsia ya mnyama. Watu wengi wanaota dume lenye mapembe. Mimi niliomba jike. Pembe haziliwi, leseni ya jike kwenye kitalu kile ilipatikana kwa urahisi zaidi, na kuongozwa kwenye uwindaji wa jike ni rahisi kwa maelfu ya dola. Niliwahi kusita nikifikiria ndama. Nikaelezwa kwamba kufika mwisho wa Oktoba ndama wa mwaka ule wanakula majani na wanatembea na kundi. Hilo lilinituliza.

Kumpata kiongozi ndiko kulikonifundisha. Wa kwanza niliyezungumza naye alikuwa na maneno matamu. Aliniahidi mnyama kwa uhakika, akataka nusu ya pesa siku ileile kwa njia ya simu. Nilipoomba mkataba akasema kwao neno la mtu linatosha. Nilikuwa karibu kumtumia. Mama Salma ndiye aliyeniuliza kama nimekwisha kuangalia jina lake kwenye orodha ya jimbo, maana Colorado kila anayefanya biashara ya kuongoza wawindaji lazima asajiliwe, awe na bima, na ampe mteja mkataba wa maandishi. Akiwinda kwenye ardhi ya msitu wa serikali, lazima pia awe na kibali cha Idara ya Misitu. Tukaangalia pamoja mezani. Hakuwemo. Pesa zangu zikabaki mfukoni, na hadi leo namshukuru mke wangu kwa swali lile.

Wa pili alikuwa mzee wa makamo aliyeongoza watu kwenye vilima vya Flat Tops, upande wa Meeker. Huyu alikuwemo kwenye orodha, na hakuahidi chochote. Nilipomuuliza, "Nina nafasi gani ya kupata?" alinijibu kwamba anaweza kunifikisha walipo elki, lakini theluji, upepo na miguu yangu haviko mikononi mwake. Halafu yeye ndiye aliyeanza kuniuliza maswali. Natembea kilomita ngapi kwa siku? Nina ugonjwa wa moyo au wa mapafu? Bunduki yangu ni ipi? Na lile kubwa: "Umbali gani unapiga bila kukosa, ukiwa unahema na mikono ina baridi?"

Nilitaka kusema yadi 300, kwa sababu ndizo nilizosikia wengine wakizitaja. Nikasema ukweli: yadi 150. Kimya kidogo, kisha akasema, "Vizuri. Sasa najua nikupeleke wapi." Baadaye aliniambia kwamba ana bonde moja lenye vichaka vinene, mahali ambapo mtu husogea karibu, na bonde jingine la wazi ambapo mtu hupiga kutoka mbali. Kama ningemdanganya, tungeenda kwenye lile la wazi, na huenda ningejeruhi mnyama nisimpate.

Nikamsomea masharti ya maalim, moja baada ya jingine. Nilikuwa na wasiwasi atacheka. Hakucheka. Alisimama kwenye lile la kuchinja, kwa sababu elki aliyejeruhiwa anaweza kumvunja mtu kwa teke moja. Tukakubaliana: akiwa bado anainua kichwa, nitapiga risasi ya pili kutoka mbali, na hiyo bado ni uwindaji. Akilala, tutamwendea kwa nyuma, na yeye kiongozi ataamua kama ni salama mimi kumfikia na kisu. Akanikumbusha pia kwamba sheria ya jimbo hairuhusu kuacha nyama inayolika ioze porini. Basi ikitokea ameporomoka gengeni, nyama ataichukua yeye. Tukaliandika hilo kwenye mkataba. Niliuliza na chakula cha kambini, nikaambiwa asubuhi ni mayai na nyama ya nguruwe. Nikamwomba sufuria yangu peke yangu, akaiongeza kwenye orodha ya vitu vya kubebwa na farasi. Kwa siku nne nililipa dola 2,600, na bakshishi niliiweka pembeni kwenye bahasha tangu mwanzo.

Kuanzia Mei nilifanya mazoezi ya aina mbili. Miguu: kila Jumamosi nilipanda vilima na begi la mgongoni lenye mchele, kwanza kilo 8, mwisho kilo 20. Denver iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu hudhani amekwisha kuzoea. Kambi yetu ilikuwa karibu mita 2,700, na pumzi kule ni nyingine kabisa. Na kulenga: nilinunua bunduki ya .308 dukani, rekodi yangu ikakaguliwa kama sheria inavyotaka, kisha kila wiki mbili nikaenda uwanja wa shabaha. Mwezi mmoja nilipiga nikiwa mezani, nikajiona hodari. Kisha kiongozi akanipigia simu akaniambia niache meza: nikae chini, niegemeze bunduki kwenye fimbo, nikimbie mara mbili kuzunguka gari kabla ya kila risasi. Hodari yule akapotea. Ilichukua hadi Septemba risasi zangu kurudi kukusanyika kwenye duara la ukubwa wa sahani ya chai kwa yadi 150.

Safari ilikuwa mwisho wa Oktoba, msimu wa pili wa bunduki. Siku mbili za kwanza hatukuona kitu ila nyayo na choo kilichokwisha kuganda. Sitazieleza sana. Nilichoka, nikalala, nikaamka.

Siku ya tatu tuliondoka kambini saa kumi na moja alfajiri, theluji ikifika kwenye vifundo vya miguu. Alfajiri iliingia tukiwa kwenye mteremko. Nilikuwa nimemwambia tangu kwenye simu kwamba nitahitaji dakika chache. Nikatawadha kwa maji ya uvuguvugu niliyoyabeba kwenye chupa ya chai, nikatandika kizibao changu cha rangi ya chungwa juu ya theluji, nikaelekea kaskazini-mashariki. Yeye akageuka akatazama bonde, akavua kofia. Sikumwomba afanye hivyo.

Alikuwa na kichupa cha unga mweupe. Kila hatua chache alikibonyeza, unga ukatoka kama moshi, akautazama unakokwenda. Alfajiri hewa baridi huteremka bondeni. Jua likipasha moto mteremko, hewa hugeuka ikapanda. Elki akipata harufu ya mtu, basi siku imekwisha. Kwa hiyo tulikuwa chini yao, tukipanda polepole, tukipambana na saa: ilibidi tuwafikie kabla hewa haijageuka.

Tuliwaona saa mbili kasorobo, majike sita na ndama wawili, wakitoka kwenye miti ya aspeni iliyokwisha kupukutika majani. Kiongozi akanigusa bega, akanong'ona, "Yadi 130. Yule wa mwisho, amesimama peke yake." Nikakaa, nikaweka bunduki kwenye fimbo. Moyo ulikuwa ukidunda masikioni. Nikangoja mpaka akageuza ubavu wote kwangu na mguu wake wa mbele ukasogea. Nikasema Bismillahi, Allahu Akbar, kwa sauti iliyosikika, nikafyatua.

Alikwenda hatua kama thelathini, akasimama, akalala kwenye vichaka. Tukangoja. Kisha tukamwendea kwa nyuma. Kiongozi akamgusa jicho kwa ncha ya tawi refu, halikupepesa. Alikuwa amekwisha. Nikaweka kiganja juu ya shingo yake. Manyoya pale ni marefu, ya kahawia iliyoiva, na chini yake kulikuwa na joto lililonipanda hadi kwenye mkono. Nilikaa pale kidogo. Machozi yalinitoka na sikuyazuia.

Kazi halisi ilianza baada ya hapo. Kwanza tagi ya leseni: kutia saini, kuandika tarehe, kuifunga kwenye mnyama. Kisha kuchuna. Kiongozi hakutumia msumeno hata mara moja. Alipasua ngozi mgongoni, akatoa mguu wa mbele kwa kisu tu kwa sababu bega halina kiungo cha mfupa na mwili, akanionyesha jinsi ya kufuata fundo la nyonga kutoa paja. Kwenye paja moja tuliacha kipande cha kiwele kimeshikamana, kwa kuwa sheria inataka ushahidi wa jinsia ubaki kwenye nyama. Sarara zote mbili nilizitoa mwenyewe, polepole, ncha ya kisu ikikwaruza mbavu. Meno mawili ya chonge ya juu ya elki ni kama pembe ya ndovu, nayo alining'olea akanipa nimpelekee Salma. Nyama tuliifunga kwenye mifuko ya kitambaa ipate hewa, tukaitundika kivulini, na mchana farasi wawili wakaja kuibeba.

Ushauri mmoja kwa anayepanga: nunua barafu kabla ya kupanda, si baada ya kushuka. Mimi nilishuka Meeker jioni nikakuta wawindaji wengine wamekwisha maliza barafu dukani, nikaendesha kwa wasiwasi hadi mji uitwao Rifle ndipo nikapata. Baridi ya usiku ndiyo iliyonisitiri.

Kichwa nilikipeleka kupimwa ugonjwa wa ubongo unaowadhoofisha wanyama wa jamii hii, ule uliogunduliwa kwa mara ya kwanza kwenye kituo cha utafiti cha Fort Collins mwaka 1967. Haujathibitika kumpata binadamu, lakini wataalamu wanashauri usile nyama ya mnyama aliyekutwa nao. Tukakata nyama yote jikoni, nofu kilo 68, tukaipanga kwenye friza na hatukuigusa. Kila jioni nikitoka kazini Salma alikuwa akiniuliza kama jibu limekuja.

Lilikuja Alhamisi, siku ya kumi na mbili. Safi. Mama Salma alikuwa amekwisha loweka mchele kabla sijamaliza kusoma ujumbe. Nikatoa mifuko minne zaidi kwenye friza, mmoja wa maalim, mmoja wa jirani wa ule mlango wa Novemba, miwili ya wazee wa msikitini, nikavaa viatu nikaanza na kwa jirani.