Kumbukumbu ya mradi: mzunguko wa stoki umekubali baada ya kuhamia Juni

Hatimaye mzunguko wa stoki, yaani mara ngapi mali ya ghalani huisha na kujazwa upya kwa mwaka, umekubali! Kazi ni kulinganisha hesabu za kiwanda kidogo cha chakula cha mifugo, hapa Nakuru, na za kampuni kubwa ya kusaga nafaka, Unga Group. Uwiano mwingine ulikaa sawa mapema. Huu mmoja ndio uliong'ang'ania kwamba mali inalala ghalani siku 91.

Hesabu yenyewe haina kasoro. Gharama ya mauzo ni Sh milioni 96, stoki ya 31 Desemba milioni 24, basi inazunguka mara 4 kwa mwaka, yaani kila siku 91. Shida ni tarehe. Desemba mahindi ya Bonde la Ufa yametoka shambani, bei iko chini, na ghala limejaa hadi mlangoni. Unga Group, ambayo hesabu zake zinapatikana kwa kuwa imo kwenye soko la hisa, hufunga mwaka 30 Juni. Ni kupima ng'ombe mmoja ameshiba na mwingine ameshinda njaa.

Wastani wa vitabuni, yaani stoki ya kufungua na ya kufunga gawanya kwa mbili, hausaidii kitu hapa, maana ncha zote mbili ni Desemba: 22 na 24 hutoa 23, siku 87. Wastani wa miezi yote 12 ulitoa milioni 12, siku 46, na hiyo ndiyo sura halisi ya ghala. Lakini kampuni kubwa haichapishi stoki ya kila mwezi.

Dawa ni kuhamisha mwaka wa hesabu wa kiwanda kidogo. Daftari la stoki la kila mwezi lipo, kwa hiyo mwaka umejengwa upya, Julai hadi Juni. Stoki ya Juni ni milioni 5, gharama ya miezi hiyo 12 ni milioni 92: siku 20. Usimpelekee mwenye kiwanda hizo 20 kama hali ya ghala lake. Ni za kulinganisha tu, na 46 zibaki pembeni.

Mwiba uliobaki ni omena, dagaa wanaochanganywa kwenye chakula cha mifugo. Uvuvi wake Ziwa Victoria upande wa Kenya hufungwa Aprili hadi Julai, kwa hiyo mzigo wa Kisumu hununuliwa mapema na Juni bado upo. Umetengewa mstari wake.

Tovuti zinazotoa uwiano uliokwisha pikwa sizitaki tena. Hazisemi kama kinachogawanywa kwa stoki ni mauzo au gharama ya mauzo, na ukiweka mauzo mzunguko hupanda bila gunia kutoka. LibreOffice Calc, programu ya majedwali ya hesabu, inatosha: shiti moja kwa kila kampuni, fomula ileile.

Kwenye uwiano wa deni kwa mtaji, ondoa kwanza madeni ya upangaji (kodi za mali ya kukodi) kwa kampuni kubwa. Tangu 2019 IFRS 16, kanuni ya kimataifa ya uhasibu, inayaingiza kwenye mizania, lakini kiwango cha IFRS cha kampuni ndogo hakifanyi hivyo. Na kama mwenye kiwanda hajilipi mshahara, kata mshahara wa meneja kwenye faida kabla ya kuigusa.

Siku za wadaiwa, yaani muda wateja wanaochukua kulipa, zilikuwa zifuate, ila zimesogezwa. Gunia la kilo 90 likipanda bei, stoki ya shilingi hunenepa bila punje kuongezeka, basi safu mpya zinahesabu kilo: mahindi, pumba za ngano, mashudu ya alizeti na omena, kila moja ikigawanywa kwa kilo zinazosagwa kwa siku. Mahindi yamekamilika, mashudu yanasubiri risiti za mizani.