Siku yangu na vitone vya tui

Saa 12:30 asubuhi niko Kariakoo, natikisa nazi mojamoja sikioni. Isiyolia maji naiacha. Nachukua 6.

Saa 2:00 zimeshakunwa. Nakamua kwa maji ya uvuguvugu, nachuja, nabaki na tui la kwanza tu. Naligawa mafungu 2: la kwanza naliacha lilivyo, pH (kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi) karibu 6, la pili nalitia ndimu kidogo kidogo hadi pH 4.

Saa 3:30, hadubini. Hapa ndipo ninapopapenda. Tui tupu lina vitone vya mafuta vilivyovikwa protini zenye chaji hasi, kwa hiyo vinasukumana na vingi vinaelea kila kimoja kivyake. Ndimu huiondoa chaji hiyo karibu yote. Vikikutana sasa hakuna cha kuvitenga. Vinashikana vichala kama zabibu. Jikoni tunasema tui limekatika. Lakini kaza macho: ndani ya kichala kila kitone bado ni duara lenye mpaka wake. Vimeshikana, havijaungana, na kazi yangu yote ni kujua lipi kati ya hayo limetokea.

Saa 5:00, mashine ya leza inayopima ukubwa wa vitone. Kwake kichala na kitone kikubwa ni kitu kimoja, hivyo napima mara 2: kwanza kwa maji yenye pH ileile ya sampuli, kisha kwa maji yenye sabuni ya maabara inayoachanisha vichala. Ukubwa ukirudi chini, vilikuwa vimeshikana tu. Leo umerudi. Wiki iliyopita tulizimua sampuli ya ndimu kwa maji matupu. pH ikapanda, vichala vikaachiana, mashine ikatuonyesha tui zima. Siku nzima ikapotea.

Saa 7:00, chakula. Mama anayetupikia ameipua mchuzi kwanza ndipo akakamulia ndimu. “Moto na ndimu kwa pamoja vinalikata, mwanangu.” Ni kweli, mama: kwenye nyuzi 80 hivi protini za nazi huanza kuganda.

Saa 9:00 najaza neli, napima kwa rula tabaka la krimu. Kitone chenye kipenyo mara 2 hupanda kwa kasi mara 4, na vichala navyo huwahi juu.

Saa 11:00 neli za ndimu zina maji maangavu chini. Nachukua ile ya akiba, naitikisa taratibu. Inakuwa nyeupe yote tena.