Tulipima kamba, sio kisima

Kisima chetu kiko hapo hapo uani, nyumba ya Langoni, kilichimbwa zamani za babu na mama yangu ukimwambia maji yake yana shida anakununia siku nzima. Kipimo chake yeye ni ulimi: maji tamu basi yako sawa, ya chumvi hayafai. Na kweli kuhusu chumvi ulimi wake haukosei, manake huku Lamu maji tamu ya mvua inayoingia kwenye vilima vya mchanga kule Shela ndio yanaelea juu ya maji ya bahari, ukivuta sana kwa pampu chumvi inapanda. Lakini ulimi hauonji kinyesi.

Masika ilipoisha watoto wawili wakaharisha wiki moja ikabidi tupime. Nilipewa chupa ya maabara iliyofungwa, nikaambiwa nisiisuuze, nisiguse mdomo wake wala ndani ya kifuniko, nisiijaze mpaka juu, halafu ikae kwenye barafu na ifike ndani ya masaa 6 ikiwezekana, 24 ndio mwisho kabisa. Sasa kutoka hapa unavuka boti mpaka Mokowe halafu basi, fanya hesabu mwenyewe. Niliomba boksi la barafu kwa wavuvi, chupa ikasafiri inanuka changu.

Majibu: E. coli, wale bakteria wa kinyesi, 180 kwenye mililita 100, na inatakiwa iwe sifuri. Nikapiga simu, yule kaka wa maabara badala ya kunipa pole akaniuliza, "Maji ulichota na nini?"

Na ndoo bwana, na nini tena. Ile ndoo yetu inayolala chini uani, kamba yake imekokotwa hapo hapo mbuzi wanapopita, ile kamba ukiikunja unaona imekuwa nyeusi na inateleza. Nikanyamaza. Kumbe nilituma uchafu wa kamba na nauli nikailipia mimi.

Mara ya pili nilifunga jiwe safi chini ya chupa mpya, nikaishusha kwa uzi mpya uliochemshwa, taratibu isiguse ukuta wala isichote tope la chini, mama amesimama nyuma anasema ninavua samaki. Safari hii ikatoka 14. Kwa hivyo kamba ilikuwa na kesi yake lakini kisima nacho kina yake. Na nilikuwa nimelipia kipimo cha nitreti pia, ile kemikali inayoweza kuvuja kutoka vyooni, ikatoka miligramu 68 kwa lita wakati WHO wanasema miligramu 50 ndio mwisho. Hapo nikatoka nikahesabu hatua kutoka kisimani mpaka choo cha shimo cha Ami jirani. 11. Wataalamu wanapendekeza angalau mita 30, lakini mitaa yetu hii ambayo punda wawili hawapishani hizo mita 30 utazitoa wapi? Sio kosa la Ami, choo chake kiko hapo kabla mimi sijazaliwa, na kusema ukweli chetu sisi pia hakiko mbali na kisima cha watu.

Kitu ambacho sikuwa najua ni kwamba kuchemsha kunaua vijidudu tu. Nitreti haziondoki, ukichemsha sana ndio maji yanapungua na zenyewe zinabaki, na mbaya zaidi ni kwa mtoto mchanga wa maziwa ya kopo manake zinaharibu damu isibebe hewa vizuri. Dada yangu ana wa miezi 3. Basi hapo hakukuwa na mjadala.

Kisima sasa ni cha kufua na kuoga, ndoo inatundikwa msumarini. Ya kunywa tunatoa kwenye jabia, lile birika la maji ya mvua, tumelisugua na kuziba mdomo kwa wavu, na bado tunachemsha. Mama anasema hayana ladha, amerudia kufukiza mtungi kwa ubani kila jioni, na akija mgeni anamwambia haya si maji ya kwetu.