Chagua mkia kabla ya kugusa mizani
Wanafunzi wa takwimu, hapa kwenye jaribio la nadharia tete ndipo alama zinapomwagika. Mkia ni upande wa kukataa: chini pekee, juu pekee, au pande zote mbili. Tuseme magunia ya karafuu pale Wete yameandikwa kilo 50. Mmepima 25, yaliyochaguliwa kwa kura, si yale ya juu ya rundo tu. Wastani kilo 49.2, mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko) kilo 2. Nadharia tete ya sufuri, yaani dai tunalolijaribu: wastani halisi ni 50.

Gawa 2 kwa kipeuo cha pili cha 25, upate 0.4. Kisha (49.2 − 50) ÷ 0.4 = −2.0, ndiyo t yetu. Wengi husahau kile kipeuo, wakagawa kwa 2 moja kwa moja, wakapata −0.4, hesabu yote ikaenda mrama.

Sasa jedwali la t, digrii za uhuru 24 (25 − 1), kiwango 0.05 (nafasi ya kukataa dai la kweli kimakosa). Kwa mikia miwili mpaka ni ±2.064: hujaufikia, hukatai. Kwa mkia wa chini peke yake ni −1.711: unakataa. Data ile ile, hukumu mbili! Ndiyo maana "tofauti na 50" au "pungufu ya 50" iandikwe mwanzo kabisa. Ukichagua mkia baada ya kuona wastani, ile 0.05 si 0.05 tena.

Na jamani, msipokataa, msiandike "tumethibitisha ni kilo 50". Andikeni: ushahidi haukutosha kuikataa nadharia tete ya sufuri.