Raba nyuma ya pipa la mchele

Leo asubuhi nimetafuta raba zangu chini ya kitanda, hazipo. Mama kazificha. Hakusema, ila nilimwona anavyokoroga uji bila kunitazama. Kwake yeye, mtu aliyepasuliwa tumbo akawekewa figo ya mdogo wake anatakiwa alale, afunikwe blanketi mbili, aletewe supu. Na baridi hii ya Julai hapa Mbeya inamuunga mkono.

Simlaumu. Hakuwepo Dar es Salaam asubuhi ile, siku moja tu baada ya upasuaji, nesi aliponiambia, "Dada, tunainuka." Nikadhani anamwambia wa kitanda cha pili. Mkojo wangu ulikuwa bado unapimwa kila saa, mpira unaning'inia. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, chumba kikazunguka, nikasubiri kitulie. Mto nimeukumbatia juu ya mshono, maana ukikohoa bila mto utamjua Mungu. Hatua nne hadi kwenye kiti. Kesho yake nikatoka koridoni, mfuko wa mkojo mkononi kama mkoba wa harusini. Mdogo wangu alitembea amejikunja kuliko mimi niliyepokea. Tukacheka, ikauma, tukaacha.

Nesi alieleza bila kupamba: ukilala tu, damu huweza kuganda miguuni, na donge likipanda mapafuni linaua. Mapafu nayo hujaa makohozi, tumbo hugoma. Kilichonishtua zaidi ni habari ya prednisoloni. Dawa hiyo hiyo inayouzuia mwili usiikatae figo hudhoofisha misuli na mifupa taratibu. Na mimi, baada ya miaka miwili ya kusafishwa damu, mapaja yalikuwa yamebaki vijiti.

Sasa ni wiki ya tisa. Nameza dawa saa 2, jua likishapasha barabara natoka, barakoa usoni, mlima Loleza mbele yangu. Ndoo bado siinui. Jembe sishiki kabisa. Udongo una vimelea, na kinga yangu imeshushwa makusudi. Figo mpya imekaa chini ya tumbo, upande wa kulia, si mgongoni kama majirani wanavyodhani (kuna mmoja hunipapasa mgongo kwa huruma), kwa hiyo khanga naifunga juu kidogo. Kupanda naweza. Kushuka ndiko magoti yanatetemeka.

Raba nilizikuta nyuma ya pipa la mchele. Mama aliponiona nafunga kamba, akafunika sufuria.

"Basi twende wote. Ukianguka nikuone."

Akachukua mwavuli, mvua yenyewe haipo. Njia nzima ananisimulia wagonjwa waliopona kwa kulala. Tulipokiacha kibanda cha fundi baiskeli, pale barabara inapoinuka, nikasikia hadithi imekatika. Nikageuka. Ameegemea mwavuli, anahema.

"Wewe nenda tu, mwanangu."

Nikasimama kumsubiri.